Kuhariri tasnifu kwa Mwalimu pale Survey: mambo ya kujua kabla hujapeleka kazi yako

Wadau mnaojiandaa kusabmiti, hii ni yenu. Kila msimu ukikaribia watu wanaulizana nani anahariri vizuri na kwa bei gani, majibu yanayotoka ni "njoo inbox" tu, mtu anapewa namba ya mtu asiyemjua, anatuma hela, anarudishiwa faili lilelile lililobadilishwa aina ya herufi. Mimi tasnifu yangu nimemalizia kwa Mwalimu, mzee anayehariri kazi za wanafunzi hapa Dar, mdogo wangu naye kamalizia kwake. Yangu ni ya Kiswahili, kuhusu mazungumzo ya makonda na abiria kituo cha Makumbusho, ya mdogo wangu ni ya Kiingereza, kuhusu vioski vya maji kule Temeke, kwa hiyo naongea nikiwa nimeziona kazi mbili za lugha mbili tofauti na vyuo viwili tofauti.

Alipo ni Survey, kwenye zile fremu za steshenari, fremu ya ndani kabisa. Bango halina jina la ofisi, limeandikwa TUNAHARIRI KAZI ZA KITAALUMA basi, ila ukiuliza "kwa Mwalimu" kijana yeyote wa fotokopi anakupeleka. Ni mzee, mwalimu mstaafu wa lugha. Unampa shikamoo yake, anaitikia marahaba, alafu swali la kwanza sio una kurasa ngapi wala una shilingi ngapi, anakuuliza, "Mwanangu, kazi yako inasema nini?" Na anataka sentensi moja. Ukimpa maelezo marefu anakusikiliza mpaka mwisho, anatulia, anauliza tena. Mdogo wangu alihangaika pale mpaka akafika kwenye "wanaonunua maji ndoo mojamoja wanalipa zaidi kwa lita kuliko wanaojaza pipa", Mwalimu akaiandika kwenye karatasi akaibana juu ya kazi yake, na kila aya ilisomwa kwa kuulizwa inaisaidia vipi sentensi ile. Aya isiyosaidia inawekewa alama ya kuuliza pembeni. Aya za historia ya maji duniani tangu enzi za Warumi ziliondoka zote.

Bei yake mimi nilitozwa 1,500 kwa ukurasa wa Kiswahili, Kiingereza ni 2,000, nusu unatanguliza, nusu unamalizia siku ya kuchukua, unaweza kulipa kwa simu. Kwa tasnifu ya uzamili hela hiyo sio ndogo, naelewa kabisa, mwanafunzi wa Dar ana nauli, ana bando, ana kodi ya chumba. Ila subiri nieleze unachopata.

Unachopata ni maswali. Hapa ndo watu wengi wanamkimbia, mana wanategemea kurudishiwa kazi iliyonyooka wapeleke kubaindi. Mwalimu anaprinti kazi yako nafasi mbilimbili, anasoma na penseli, makosa ya tahajia na upatanisho anayarekebisha mwenyewe, lakini sentensi ambayo maana yake haieleweki haigusi, anaandika pembeni "nani?" au "lini?" au "umejuaje?" na unakaa naye mnapitia ukijibu kwa mdomo, na ukishajibu kwa mdomo anakwambia sasa andika hivyo hivyo ulivyosema. Yani nusu ya kazi yangu imenyooka kwa njia hiyo, mana mtu akiongea anasema "makonda wanawaita abiria wote bosi wakati wa kupakia, gari likijaa wanaacha", akishika kalamu anaandika "imebainika kwamba kuna utofauti wa matumizi ya maneno ya heshima kwa kuzingatia muktadha wa upakiaji".

Ntatoa mfano mmoja kwa urefu kwa sababu ndo ugonjwa wetu wote. Sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza ilikuwa hivi: "Utafiti huu ambao ulifanyika katika kituo cha Makumbusho ambacho ni kituo ambacho kina daladala nyingi ambazo zinakwenda maeneo mbalimbali ya jiji ulikuwa na lengo la kufanya uchunguzi wa namna ambavyo makonda wanafanya matumizi ya lugha ya heshima." Mwalimu alipiga mstari chini ya "utafiti huu", akapiga mwingine chini ya "ulikuwa na lengo", akanionesha umbali uliopo katikati. Msomaji amebeba kiima mkononi, anazunguka kituo kizima na daladala zake zote kabla hajaambiwa kiima kimefanya nini. Alafu akazungushia duara "kufanya uchunguzi" na "kufanya matumizi", akasema kitenzi chako kimejificha ndani ya jina, kitoe nje. Kufanya uchunguzi ni kuchunguza. Kufanya matumizi ni kutumia. Ikabaki: "Utafiti huu ulichunguza namna makonda wa kituo cha Makumbusho wanavyotumia lugha ya heshima." Habari za wingi wa daladala zikahamia sehemu ya eneo la utafiti, huko ndo kwao. Hakuna taarifa iliyopotea na sentensi imebaki chini ya nusu ya ilivyokuwa. Ukishaoneshwa hivyo huwezi tena kusoma ripoti yoyote ya ofisini bila kuona "kufanya" zilizojaa.

Na "ambapo" jamani. Tumeigeuza gundi. "Watu 30 walihojiwa ambapo wanawake walikuwa 12 ambapo wengi wao walikuwa abiria." Ambapo ni ya mahali au wakati, hapo hakuna mahali wala wakati. Weka nukta, anza upya: "Kati yao wanawake walikuwa 12." Nukta ni bure.

Kwenye vitenzi vya nguvu ndo nilimkubali kabisa. Ukihoji watu 30 kituo kimoja cha Dar huwezi kuandika "utafiti umethibitisha kwamba makonda wa Tanzania", haujathibitisha chochote kuhusu makonda wa Tanzania, umeonesha kitu kuhusu hao uliowahoji na kingine unaweza tu kusema inaashiria au inaelekea. Anavyopanga ni kwamba kuthibitisha kunataka ushahidi mzito sana, kuonesha kunataka data iliyo mbele ya msomaji, kuashiria ni pale unapokisia kwa sababu za msingi. Wengi wetu tunaona ukiandika "inaashiria" unaonekana dhaifu mbele ya watahini, wakati kinyume chake ndo kweli, mtahini anayejua kazi yake akikuta "imethibitika" na sampuli ya watu 30 ndo anaanzia hapohapo kukubana. Sambamba na hilo kuna ile "tafiti nyingi zinaonesha" alafu kwenye mabano kuna mtu mmoja tu na mwaka mmoja. Mwalimu anaandika pembeni: nyingi zipi?

Kosa ambalo anasema linakuja kwenye karibu kila kazi anayopokea ni la wakati. Pendekezo la utafiti linaandikwa kwa wakati ujao, "mtafiti atatumia usaili", "sampuli itateuliwa", ndo ilivyo sahihi mana kazi bado haijafanyika. Baadaye mtu anachukua sura zake tatu za pendekezo anazihamishia kwenye tasnifu kama zilivyo, sura ya nne matokeo yameshapatikana huku sura ya tatu bado inaahidi kwenda kukusanya data. Kazi ya mdogo wangu ilipitiwa mstari kwa mstari kwa ajili ya hili tu, na kwenye kazi ya Kiswahili kama yangu haitoshi kutafuta "ta" ubadilishe "li" kwa kompyuta kwa mkupuo, utaharibu maneno mengine yenye "ta" ndani yake, taarifa, kitaalamu, mtaa. Lazima macho yapite.

Sasa niseme kuhusu huduma nyingine tuliyojaribu kabla, sitaitaja. Mdogo wangu alipeleka sura mbili kwa jamaa mmoja aliyemwambia anahariri haraka na anashusha asilimia za Turnitin, ile programu inayopima maneno yako yamefanana kiasi gani na kazi za wengine. Zikarudi siku ileile, zimeng'aa. Kusoma ndani, maneno ya kitaalamu yamebadilishwa kwa programu ya kuzungusha maneno, yani, nikikutafsiria kutoka Kiingereza chake, istilahi moja ya sampuli imegeuzwa kila ukurasa, huku ni sampuli, mbele ni kionjo, mbele zaidi ni kipande. Kioski kikawa kibanda, kikawa duka, kikawa kituo, msomaji anabaki anajiuliza hapa ni vitu vinne au kimoja. Shuleni tulifundishwa tusirudierudie neno kwenye insha, na kwenye insha ya likizo yangu ni sawa, lakini kwenye kazi ya kitaaluma istilahi ukishaifasili unabaki nayo mpaka ukurasa wa mwisho, kubadilisha neno ni kumwambia msomaji kwamba umebadilisha kitu. Kwa Mwalimu mtu wa kwenye gari ni abiria kuanzia mwanzo hadi mwisho, sio msafiri ukurasa huu na mteja ukurasa ujao.

Na hizo asilimia Mwalimu hashushi. Ukimwomba anakukatalia palepale na anakueleza kwa nini. Ripoti ile inaonesha mfanano wa maneno tu, haihukumu kama umeiba, nukuu zako halali na orodha ya marejeleo vinaweza kuhesabiwa humo mpaka anayeiendesha aviondoe kwenye mipangilio. Unaweza ukawa na asilimia ndogo na umekopi wazo la mtu bila kumtaja, unaweza ukawa na kubwa kwa sababu umenukuu sheria. Alichomfundisha mdogo wangu ni kwamba kubadilisha maneno mawili matatu na kuacha mifupa ya sentensi ya mwenzio bado ni kukopi, hata ukiweka jina na mwaka. Soma, funga, andika ulichoelewa kwa maneno yako, fungua uhakikishe hujapotosha, taja chanzo. Kama maneno yenyewe ndo muhimu basi nukuu neno kwa neno, weka na ukurasa. Nukuu nayo haitupwi tu katikati ya aya ikajisemea, unaikaribisha kwa kusema ni ya nani na ameisemea wapi, na ikiisha unasema wewe unaitumia kufanyia nini.

Marejeleo ndo sehemu aliyo mkali kuliko zote. Anachukua orodha yako ya mwisho anaiweka kulia, tasnifu kushoto, kila jina linalotokea ndani analiwekea vema kwenye orodha. Mwisho wa zoezi unaona waliotajwa ndani hawamo kwenye orodha, na waliomo kwenye orodha hawajatajwa popote. Ni kazi ya kuchosha na hakuna steshenari nyingine niliyoona inafanya hivi. Siku hizi ameongeza hatua, kila rejeleo asilolijua analitafuta kwa kichwa chake mtandaoni, kwa sababu akili mnemba zinatunga marejeleo, linakuja jina la mwandishi linaloaminika, jina la jarida la kweli, namba za kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Kwenye kazi ya mtu mwingine aliyekuwa pale siku moja na mimi yalikutwa kadhaa na mwenyewe hakujua.

Vyuo vyetu sisi wawili vinatumia APA, mtindo wa kuandika marejeleo, na kama na chako kinatumia hiyo fahamu kwamba toleo la saba ni la 2019, bado kuna miongozo na kazi za zamani zinazozunguka kwa kopi zenye kanuni za toleo la sita na watu wanaziiga. Kwenye la saba waandishi wakiwa watatu au zaidi unaandika jina la mwandishi wa kwanza na "na wenzake" kuanzia mara ya kwanza kabisa unapowataja, zamani ilibidi kuwaorodhesha wote kwanza kama hawazidi watano. Mji wa mchapishaji umeondolewa, sio lazima tena kuandika Dar es Salaam mbele ya jina la mchapishaji. Nukuu ya maneno 40 au zaidi inakaa aya yake, imesogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Namba na kichwa cha jedwali vinakaa juu, na cha kielelezo nacho siku hizi ni juu, sio chini. Ila mwongozo wa chuo chako ukisema tofauti, fuata wa chuo chako, wao ndo wanakupa shahada. Kingine cha kuangalia ni taasisi. Programu ya marejeleo aliyotumia mdogo wangu ilichukua Wizara ya Maji ikaigeuza kama jina la mtu, ikawa "Maji, W.", na orodha ilikuwa na kina Takwimu na kina Elimu wengi tu. Ukiingiza taasisi chagua sehemu ya jina moja, usigawe jina la kwanza na la ukoo.

Tahajia anaipitia vizuri, sina mengi. "Kwa hiyo" ni maneno mawili, "kwa sababu" ni mawili, "na kadhalika" ni mawili, "ijapokuwa" ni moja. Dhana na zana zinachanganywa sana, ukiandika "dhana za kukusanyia data" umeandika kitu kingine. Athari na hadhari vilevile. Na kama unaandika Kiswahili kwenye Word hakikisha lugha ya ukaguzi haijabaki Kiingereza, la sivyo utakuwa na mistari myekundu kazi nzima na kosa la kweli hutaliona ndani ya msitu huo.

Kuna zoezi lake moja ambalo nalifanya mpaka leo hata kwa barua ya kazi. Anakuambia chukua sura, soma sentensi ya kwanza ya kila aya tu, ruka zilizobaki. Kama hoja inatembea kutoka aya hadi aya, sura ina mpangilio. Kama sentensi za kwanza zote ni "kwa mujibu wa fulani" basi sura ni ya hao kina fulani, wewe haumo. Sura yangu ya pili ilikuwa hivyo yote, ikabidi kila aya ianze na jambo ninalodai mimi alafu hao wataalamu waje kama mashahidi.

Mabaya yake sasa, mana sio malaika. Ni wa taratibu mno. Ukimpelekea wiki ya kusabmiti anakataa kazi, hata umbembeleze vipi, na nimeona dada mmoja analia pale na mzee hakubadilika. Mwandiko wake wa penseli unahitaji kuuzoea. Takwimu hazigusi, kama majedwali yako yametoka kwenye programu ya takwimu tafuta mtu wa takwimu. Zotero na programu nyingine za kupanga marejeleo hazijui, kwa hiyo kama marejeleo yako yameunganishwa kwa programu, masahihisho yaingize mwenyewe kwenye faili lako, usimwachie binti anayemchapia, ukimwachia viunganishi vinakatika na hutapanga tena kirahisi. Binti huyo hata hivyo ni mzuri sana upande wa mpangilio, yaliyomo anayatengeneza yajipange yenyewe kwa kutumia mitindo ya vichwa vya habari, kurasa za mwanzo namba za kirumi na sura ya kwanza inaanza moja, pambizo ya kushoto anaiacha pana ili kazi ikibaindiwa maneno yasimezwe.

Kitu kilichoniudhi kweli ni "onyesha". Mwalimu anaamini ni onyesha, idara yetu inataka onesha, alibadilisha zote kazi nzima bila kuniuliza na msimamizi wangu akazirudisha zote. Matumizi yote mawili yapo kwenye maandishi ya Kiswahili, cha maana ni kuchagua moja ukae nalo, na anayechagua ni idara yako. Nilimwambia kwa heshima, akanijibu ningekuja na mwongozo wa idara tangu siku ya kwanza. Hapo alikuwa na haki, lakini nadhani yeye ndo alipaswa kuuomba.

Nani asiende. Kama unataka kuandikiwa, usiende, atakusikitikia tu. Kama kazi bado ni rasimu ya kwanza ambayo msimamizi hajaiona, subiri, utalipia kuhariri kurasa zitakazofutwa. Wakati mzuri ni pale msimamizi ameshakubali hoja na matokeo, limebaki suala la lugha na mpangilio, na una nafasi ya kukaa naye kwa utulivu.

Yupo Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, Jumamosi mpaka mchana, saa saba mpaka saa nane anaenda kula na kuswali hapokei mtu. Nenda na kopi ya mwongozo wa idara, flashi iliyosafishwa virusi, faili la Word sio PDF, na mwambie kabisa kama ni onesha au onyesha.